Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Magari

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi, mwenye adhama na stika,

Sisi abiria wa Hiace twakushukuru kwa kutoliruhusu gari kuingia barabarani pasipo mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili za kuakisi na rangi isiyochunika. Maana mtu akwamapo usiku katika mlima wa Kitonga, hufarijika mno kujua kwamba amekwama ndani ya gari nadhifu.

Injini, twafahamu, si katika shughuli zako. Waliolibuni gari hili waliificha chini ya viti vya mbele, na kuinua kiti ni kazi isiyolingana na cheo chako. Laiti ungalikiinua, ungaliiona 1KD-FTV, yenye silinda 4, taabo, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, ambayo nozeli zake hunyunyiza dizeli kwa shindikizo lizidilo lile la hewa tuivutayo mara elfu na zaidi. Chini ya kila nozeli pana washa ndogo ya shaba. Washa hiyo ichakaapo, au fundi airudishapo ileile ya zamani kwa kumhurumia tajiri gharama, moshi wa mwako hupenya ukachanganyika na oili, oili ikajaa masizi, masizi yakaziba chujio lililomo katika bakuli la oili, hata siku moja injini ikakosa oili na kunata katikati ya safari. Dereva husema ni kudra. Fundi huitikia amina, nawe huna lawama, kwani pembetatu zilikuwamo.

Ipo pia taa ya dashibodi iwakayo wakati wa kubadili mkanda wa taimingi ufikapo. Mafundi wetu, kwa werevu wao, wamegundua kwamba kuizima taa ni rahisi kuliko kuununua mkanda. Na mkanda ukatikapo, valvu hugongana na pistoni, hali taa ikiwa imezimika kwa amani. (Ile injini kongwe ya 5L, isiyo na kompyuta, iliuvumilia ujahili wetu miaka na miaka, hii haina subira hiyo.)

Basi twakuomba, Mheshimiwa, katika ukaguzi ujao uinue kiti, utazame pembezoni mwa nozeli kama pana masizi meusi, uchomoe kijiti cha oili, umwulize tajiri risiti ya mkanda, kisha ndipo ubandike stika yako.

Ni sisi watiifu wako,
Abiria wa kiti cha mbele