Mbwa Ana Kiherehere, Anayekimbia ni Mimi

Birmingham, Uingereza

Shosho, na nyote mlioko huko nyumbani Satellite,

Mimi mzima, isipokuwa magoti. Jumapili mlipopiga simu mkanisikia nikihema, Auntie akasema nimepata pumu ya baridi. Sina pumu. Nilikuwa uwanjani nikikimbia na mbwa.

Mwenye nyumba ninamokaa ni bibi mmoja mjane aliyebadilishiwa goti hospitalini. Ana mbwa aina ya springer spaniel, jina lake Alfie. Barua ikiangushwa mlangoni, Alfie anabweka. Kengele ya jirani ikilia, anapanda kochi. Mtu akigusa viatu, anazunguka meza mpaka kizunguzungu kinipate mimi. Daktari wa mifugo akashauri apelekwe ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vizuizi mwenye mbwa akikimbia kando. Bibi alipokumbuka natoka Kenya, akaamua mimi ni mwanariadha. Nilimweleza kwamba Eldoret ya wanariadha ni mbali na Riruta kwetu, na kwamba mbio zangu zote zilikuwa za kukimbilia matatu za Naivasha Road. Akanipunguzia kodi ya chumba. Nikaacha kubisha.

Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, enzi hizo yakifanyika London. Siku hizi maonyesho hayo huja hapa Birmingham. Kulikuwa na pengo kati ya shindano moja na jingine, basi bwana mmoja aitwaye John Varley akaombwa atafute cha kuwachangamsha watazamaji. Yeye na mwenzake Peter Meanwell wakachukua mashindano ya farasi kuruka viunzi, wakatoa farasi, wakatia mbwa. Kilichobuniwa ili watu wasitoke kwenda kunywa chai sasa kina waamuzi, saa na adhabu: kuangusha kijiti ni makosa 5, kukataa vizuizi mara 3 ni kutolewa.

Najua utakachosema, Shosho. Mbwa wetu Simba huruka ukuta wenye vipande vya chupa, huvuka mtaro juu ya ubao mmoja, na hupenya chini ya geti, bila kocha na bila senti. Kweli kabisa. Lakini Simba huyafanya hayo akitaka yeye, na mara nyingi ana mdomoni nyama aliyomwibia mtu.

Nilidhani tutaanza kwa kuruka. Wapi! Mbwa wa aina hii hafundishwi kuruka, anafundishwa kutoruka. Masomo ya mwanzo Alfie alilazwa mkekani awatazame wenzake wakikimbia, na kila alipotulia alipata kipande cha soseji. Kocha anasema mbwa akishapandwa na mori, hasikii tena. Kwa hiyo akibweka na kurukaruka, mchezo unasimama. Akikaa na kunitazama, tunaendelea, kwani kukimbia kwenyewe ndiyo zawadi anayoitaka. Vijiti vya viunzi vililazwa chini, maana mbwa mchanga mifupa haijakomaa. Kushindana haruhusiwi kabla ya miezi 18. Bembea ya ubao nayo iliwekewa mto upande unaoshuka, kwa kuwa kile kishindo cha ubao kugonga chini kinaweza kumtisha mbwa asiikaribie tena.

Anayefundishwa zaidi, hata hivyo, ni mimi. Mbwa huyaamini mabega na miguu yako kuliko maneno yako. Nikipiga kelele aingie kwenye handaki la kitambaa huku kiatu changu kimeelekea kwenye meza ya chai, Alfie anakwenda kwenye meza ya chai. Keki ya kocha mwenyewe ilikwenda hivyo.

Kabla ya shindano, wenye mbwa huingia uwanjani bila mbwa ili kukariri njia. Ungeona, Shosho! Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanazunguka kwenye nyasi mbichi wakinyoosha mikono na kuwaita mbwa wasiokuwepo, kama makanga wa steji ya 46 wakijazia abiria matatu ambayo haijafika. Hakuna anayecheka. Siku ya mazoezi nami niliiambia hewa, kwa sauti ya upole, ‘Njoo, mzuri wangu,’ na hewa ikanitii kuliko Alfie alivyowahi kunitii.

Na msiseme ni wazimu wa wazungu wa huku tu. Huko nyumbani, hapo Jamhuri ng'ambo ya Kibera, East Africa Kennel Club hufanya maonyesho ya mbwa, na Auntie mwenyewe aliwahi kulipa kiingilio cha shoo ya kilimo akakaa kwenye jua kutazama mbwa wa polisi wakiruka vizuizi. Alipiga makofi.

Wiki ijayo tunaanza zile nguzo 12 za kupita katikati, kushoto, kulia, bila kuruka hata moja. Bibi ameniagizia viatu vyenye meno. Baba Mdogo akiuliza karo ya mbwa ni ngapi, mwambieni inalipwa na mwenye mbwa, tena mwambieni upesi, kabla hajaanza kuzigeuza pauni kuwa shilingi.

Mjukuu wako