Namna ya Kubaki Gizani Ukiwa na Plake ya Sola

Kukosa umeme kwa kukosa pesa hakuhitaji mwongozo. Hapa Kamina kazi hiyo tunaijua. Huu ni wa mwenye hela, aliyechoka kungoja umeme wa bwawa la Inga, ambao tangu 1982 unasafiri karibu kilomita 1,700 kwenda Kolwezi kulisha migodi, ukipita juu ya vijiji bila hata kupiga hodi.

Anzia sokoni. Tafuta plake nyepesi, ya kubeba kwapani, iliyoandikwa wati 300. Usikaribishe mpenda hesabu. Atakuambia kwamba jua kali la mchana hutoa wati kama 1,000 kwa mita moja ya mraba, na plake nzuri hugeuza sehemu moja ya tano tu kuwa umeme, kwa hiyo ya kwako haifiki hata 100. Wivu tu.

Nyumbani, ibandike juu ya bati lenyewe, hewa isipite chini. Plake hula mwanga, si joto: kila nyuzijoto inayozidi 25 huipunguzia karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Ikifika 65, umetoa sadaka asilimia 16. Kisha ielekeze kusini, kama alivyoagiza Mzungu wa kwenye video. Yeye yuko Ulaya. Sisi tuko kusini ya ikweta, na jua letu la mwezi wa sita hupita kaskazini, lakini nani abishane na video?

Vumbi la kiangazi liache hapo, pamoja na masizi ya pori linalochomwa. Mvua ya mwezi wa kumi itaosha.

Ufundi wenyewe uko kwenye batri. Chukua ya gari, iliyoundwa kuamsha injini kwa sekunde chache, uinyonye kila usiku mpaka taa zisinzie. Regilatere ni anasa, unganisha moja kwa moja. Ongeza konvertisa, frigo, pasi ya wati 1,000, na televisheni siku Mazembe inapocheza na Lupopo. Batri ikivuka mapumziko, ongeza pasi ya pili.

Ikishakufa, tangaza mtaani kwamba sola ni uongo. Jirani mwenye ampule nne za LED na plake aliyoinua juu ya bati hatakubishia. Ana shughuli: anachaji simu za watu kwa malipo, na yako ataipokea kwa bei ile ile ya wengine.