Behewa Liko Njiani

Fundi wa treni za mfano anataka behewa la kipimo cha 1:87, lenye urefu wa sentimita 14 hivi. Mashine ya kuchonga ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya bei nafuu, 3018, imepata jina kutokana na eneo lake la kazi: milimita 300 kwa 180. Behewa linaenea na nafasi inabaki.

Yeye anaiona mashine hiyo ndogo.

Roho yake iko kwa mashine ya Sherline ya California, eti huenda siku moja akachonga chuma. Kutwa anabishania usahihi wa milimita 0.01, ilhali rangi atakayopaka kwa brashi ni nene kuliko hiyo. Programu ya kuchorea hajaifungua. Visu vya milimita 1, vinavyokatika ukikohoa, havimo kwenye bajeti. Wala vumbi la plastiki, ambalo familia nzima imeshatengewa sebuleni.