Darsa la Njia Panda
Tangu Bunge lilipotunga Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kukizaa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, elimu, ambayo wahenga waliifuata kwa safari na mashaka, imeridhia kumfuata mwenye kuitaka hata Chalinze, ziachanapo barabara za Morogoro na Tanga, mahali ambapo aghalabu hakuna kimfuatacho mtu isipokuwa mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi. Awali ilifika kwa vitabu. Siku hizi hupita hewani, na hewa haina karani wa kupelekewa malalamiko.

Mudarisi, akiwa faraghani penye kiyoyozi, huitumia robo ya kwanza ya saa kuuliza, "Jamani, mnanisikia?", nao waliomsikia hunyamaza kwa adabu, ilhali wasiomsikia hata swali halikuwafikia. Yule wa Chalinze, aliyeiegemeza simu juu ya kreti la soda kibandani mwa shemeji yake, kwa kuwa hapo ndipo mtandao hukubali, hufuatilia nadharia za uchumi mpaka mpiga debe apaaze sauti, "Segera, Korogwe, Tanga!", na mudarisi, akidhani ni jawabu, humshukuru kwa mchango wake. Kamera alikwisha kuizima, si kwa haya bali kwa bando, maana uso wa binadamu hula megabaiti, na megabaiti za mkopo hudaiwa kabla darsa halijakwisha.

Mtihani ukiwadia, huitwa kituo cha mkoa, kwa nauli yake mwenyewe, na huko hapana amwulizaye kama alisikia.