Gari Lililopigwa Risasi

Maziwa ndiyo yaliyonisema. Mama mkwe alitufungashia lita tano zilizokamuliwa asubuhi ile ile, tukatoka Nkubu kurudi Embu kwa njia ya Chuka. Kufika nyumbani, mama watoto akafungua mtungi, akachungulia, akanitazama. Juu ya maziwa yalielea mapande ya siagi.

"Baba Kendi," akasema polepole, "hili gari lako sasa linasuka maziwa."

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, namba ya KAT. Liliingia nchini kabla ya kutimiza miaka 8, kama sheria itakavyo, kisha likapitia mikono ambayo sipendi kuifikiria mpaka likaangukia kwa mwalimu. Chini ya 60 ni tulivu kama shemasi. Likigusa 80 usukani unaanza kunitekenya viganja. Kwenye 90 kioo cha ndani kinaonyesha matatu mbili palipo na moja. Kwenye 100 sijui, sijafika. Probox za miraa zinazonipita zikienda Nairobi zinajua.

Nilichojifunza ni kwamba kila fundi huona ugonjwa ambao dawa yake anayo dukani. Wa kwanza alifungua boneti, akaisukuma injini kwa kiganja. "Mwalimu, mauntingi zimekwisha." Nikalipa. Na kweli, gari likisimama huku linanguruma, lilitulia tuli. Shida ni kwamba mimi sikuwa nimelalamikia kusimama.

Wa pili, kule Runyenjes, aliingia uvunguni zikabaki ndala tu, akatoka na boljointi mkononi kama daktari aliyeng'oa jino. "Hii ingekuua." Nikaogopa, nikalipa, na tairodi nikawekewa juu yake. Wa tatu hakuingia hata uvunguni. Alisema ni shafti, na kando yake palikuwa na shafti iliyotoka kwenye gari la mtu mwingine, grisi yake ingali mbichi. Huyo nilimshukuru nikaondoka.

Aliyeniuliza swali kabla ya kufungua chochote ni mwenzangu wa staff room anayefundisha fizikia, tena bila kuweka kikombe cha chai chini. Linatetemeka ukikanyaga breki? Basi ni diski. Ukikanyaga mafuta tu? Huenda ni shafti. Linakutikisa kiti? Tairi za nyuma. Usukani? Za mbele. Akanituma nikapime. Breki sikuzipima kwenye mteremko wa Nithi. Basi lilitumbukia pale Julai 2022, wakafa zaidi ya watu 30, na mahali hapo mimi huwa na gia ya pili na sala. Nilizipimia kwenye tambarare za kuelekea Mwea, ambako kosa lako linaishia kwenye mpunga. Breki hazikuwa na neno. Ni usukani, na ni 80 kwenda juu, nikanyage mafuta nisikanyage.

"Balansi," akasema mwenzangu. "Tairi yako ya inchi 13 kwa mwendo huo inazunguka kama mara 12 kila sekunde. Kitu kizito upande mmoja kinapiga rimu ngumi 12 kila sekunde."

Nikaenda kwa wenye mashine ya kubalansi. Kijana akafunga gurudumu la mbele kushoto, likazunguka, mashine ikaandika tarakimu, naye akaanza kugongomea vipande vya risasi ukingoni mwa rimu. Akagonga, akapima, akagonga tena. Mama watoto akapiga simu kuuliza niko wapi.

"Nitachelewa kidogo. Gari linapigwa risasi. Wamefika ya saba."

Nilisikia sufuria ikianguka, kisha sauti ya jirani, kisha sauti za majirani. Kumweleza kwamba risasi nyingine ni madini kulichukua salio langu lote la simu.

Lakini gari lilipona! Wiki nzima niliendesha kwa kidole kimoja, nikimtafuta mtu wa kumwonyesha. Jumatatu iliyofuata nikaingia shimo lililojaa maji, pa!, na kutoka hapo likaanza kutetemeka kuliko siku ya siagi.

Jibu lilitoka kwa mtoto wa kuosha magari. Alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu lile lile, akapenyeza mkono nyuma ya rimu, akaita, "Mwalimu, hapa umepanda nini?" Akachomoa pande la udongo mwekundu, gumu kama tofali, lililojipinda kwa umbo la rimu. Ndani yake palikuwa na uzi wa mgomba na punje mbili za maharagwe. Upande wa pili ilibaki alama mahali lilipokuwa pande lingine.

Novemba, mvua za vuli, kijia cha kwa wakwe. Wanaume watano walinisukuma kutoka kwenye tope nami nikapiga mafuta kwa fahari. Tope likakaukia mle. Kijana wa mashine alikuwa amebalansi shamba. Nusu ya shamba ilipodondoka shimoni, risasi saba zikabaki kazini zikilinda mzigo uliokwisha kushuka.

Kuosha, shilingi 150. Kubalansi upya, risasi mbili tu, na safari hii sikupokea simu.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia baba mkwe. Yeye ni Mmeru wa zamani, mpaka wa shamba lake anaujua kwa unyayo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Desemba tulipoaga kurudi Embu, alilizunguka gari na bakora yake kama askari wa trafiki, akainama kwenye kila gurudumu, akachokonoa nyuma ya rimu. Kwenye la tatu likadondoka bonge dogo jekundu. Akalisukuma kwa bakora mpaka upande wa migomba.

"Hili linabaki," akasema. "Haya, nendeni salama."