Jinsi ya Kuipindua Sukari Nguvumali Bila Kumwaga Chai

Kabla ya kupindua utawala wowote, jua kwanza makao yake makuu yako wapi. Hapa Nguvumali, mjini Tanga, makao makuu ya sukari ni sufuria ya chai. Mpishi hutia sukari ya nyumba nzima kwa mkono mmoja, chai ikiwa bado jikoni, na baada ya hapo hakuna raia mwenye haki ya kukata rufaa. Anayetaka kijiko kimoja anakunywa vitatu. Mtoto wa chekechea anakunywa vitatu. Babu mwenye kisukari, aliyeahidiwa kuchemshiwa ya kwake, anasahauliwa mpaka watu wameshakaa mkekani, basi naye anamiminiwa hiyo hiyo: "Kidogo tu, babu, haitadhuru."

Inadhuru. Kwa hiyo amri ya kwanza ni sukari itoke sufuriani. Ikae mezani, kwenye kopo lenye kifuniko kigumu kufunguka, pamoja na kijiko kidogo kuliko vyote ulivyonavyo. Usiitishe kikao cha familia wala usitoe hotuba. Fanya Jumatatu asubuhi, watu wakiwa mbioni kwenda kazini na shuleni, maana upinzani wa Jumatatu huwa hauna muda wa kujipanga.

Utajipanga Jumamosi, na utaongozwa na mama mkwe.

"Mwanangu, chai hii mbona imepooza?"

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa kuanza kumhubiria mkwe habari za kongosho. Mtu mzima hasomeshwi kongosho akiwa na kikombe mkononi. Jibu ni moja: "Leo nimeizidisha iliki, mama. Hebu ionje tena." Kisha nyamaza, uiache iliki imjibu.

Nayo itamjibu. Sehemu kubwa ya ladha hupitia puani, na ubongo uliozoea kukutana na iliki, mdalasini na vanila ndani ya vitu vitamu huuhesabu utamu kuwa mwingi kuliko uliomo kikombeni. Twanga iliki na maganda yake, vunja kijiti cha mdalasini, tia kwenye maji ya baridi, kisha uache vichemke dakika kumi kamili. Majani ya chai yaingie mwishoni kabisa, dakika mbili tatu, halafu chuja. Hili la majani ni siri ya vita ambayo haithaminiwi. Majani yakichemshwa mpaka yasalimu amri hutoa ukakasi, na sukari nyingi ya asubuhi huenda kupigana na ukakasi tulioupika wenyewe. Baada ya hapo punguza kijiko kwa nusu, na majuma machache mbele punguza tena. Ulimi hubadilika, ila hautaki kusukumwa.

Tena ukikitazama vizuri kikombe hicho, karibu kila kilichomo ni mwenyeji wa mkoa. Majani yanalimwa Usambara. Iliki na mdalasini vinatoka milima ya Amani, wilayani Muheza. Maziwa ni ya ng'ombe wa Tanga. Mgeni ni sukari, inayoletwa kutoka Kilombero, Mtibwa, Moshi na Kagera. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, kilo ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi na serikali ikatangaza bei elekezi. Ilikuwa nafasi adimu ya mapinduzi, nasi tuliitumia kuulizana duka gani limepata mzigo.

Utawala ukianza kutikisika, wagombea hujitokeza. Wahoji mmoja mmoja kabla ya kuwapa kiti.

Wa kwanza ni asali, na huja na heshima zake zote: imetajwa katika vitabu vya dini, inatoka Handeni, bibi aliitumia kwa kikohozi. Heshima hizo ni za haki. Hata hivyo asali ni sukari iliyovaa kanzu. Takriban sehemu nne kati ya tano za uzito wake ni sukari, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaiweka kundi moja na sukari ya dukani pamoja na sukari iliyomo ndani ya juisi. Mwongozo huo unataka kundi zima lisifike asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na unasema ni bora zaidi likibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Hizo ni vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu, si vile vyetu vyenye kilele. Kwa hiyo anayehama kutoka vijiko vitatu vya sukari kwenda vitatu vya asali hajahama. Asali itie kwa sababu unaipenda harufu ya maua yake, kijiko kimoja, chai ikiwa imepoa kidogo ili harufu hiyo isipotee, na uifurahie. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Kwenye hilo sina mzaha hata chembe.

Wa pili ni sukari guru. Huyu hujinadi kwa rangi yake ya udongo na kusema yeye ni wa asili. Ni wa asili kweli, na asili yake iko hapa chini, kusini mwa mji wetu. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa, miwa ikakamuliwa na kuchemshwa kuwa sukari guru, ikasafirishwa Unguja na Arabuni. Waliokata na kubeba miwa hiyo walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba lake la miwa huko. Nayaeleza haya kwa sababu neno "asili" limeanza kutumika kama cheti cha usafi, na sukari guru haina cheti hicho wala kwenye historia wala kwenye damu. Ina madini kidogo na harufu nzuri sana, hasa kwenye kahawa ya tangawizi. Sehemu yake kubwa mno ni sukari ile ile. Jamaa yake ni asali ya tembo, yaani tembo tamu la alfajiri, lililotoka kwa mgema kabla halijaanza kuchacha, likachemshwa mpaka likawa zito. Ni nzuri, na hukumu yake ni hiyo hiyo.

Wa tatu ni stevia, jani kutoka Paraguay ambako Waguarani walilitumia kutia utamu kwenye vinywaji vyao. Viini vyake ni vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari na karibu havina nishati. Mgombea anayeahidi kila kitu bila gharama ahojiwe mara mbili. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitu vya namna hii, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo babu yetu amuulize daktari wake kliniki, asimuulize jirani. Mimi tatizo langu na stevia ni jingine: inauacha ulimi pale pale ulipokuwa, ukidai utamu ule ule wa kelele, na siku kikopo kikiisha utarudi dukani kwa mtawala wa zamani.

Hakuna kati ya hao anayestahili kiti. Wanaostahili wako jikoni tayari, na jambo ninalotaka tulishike ni kwamba vyakula vyetu vingi vya pwani vina sukari yake vyenyewe, isipokuwa tunawahi kutia ya dukani kabla havijapata nafasi ya kuitoa.

Chukua ndizi mbivu za nazi. Watu wengi huzipika zikiwa za manjano safi, zimependeza, halafu humimina kikombe cha sukari kufidia haraka yao. Ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga ule hugeuka kuwa sukari, kwa hiyo ngoja. Ndizi ya mkono wa tembo ikiwa na madoa meusi, imelegea mkononi, muuzaji wa soko la Mgandini yuko tayari kukupunguzia bei kwa aibu, hapo ndipo umefika. Zipike kwa tui la pili na iliki, tui zito liingie mwisho na moto mdogo lisije likakatika, na punje ya chumvi. Chumvi ndiyo itakayowachanganya wageni, watakuuliza umetia sukari kiasi gani. Waambie ukweli. Hawatakuamini, na hilo ni ushindi.

Viazi vitamu navyo vina siri yao. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hufanya kazi kiazi kikiwa cha moto lakini hakijafikia mchemko. Ukitumbukiza kiazi kwenye maji yanayotokota unakiua kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi sana. Anza na maji baridi, moto wa taratibu, au zika viazi kwenye majivu yenye joto uende ukafanye shughuli zako. Mchana huohuo kata vipande viwili, cha haraka na cha taratibu, uwape watoto wachague.

Uji ndio ngome ngumu kuliko zote, kwa sababu watoto wa Nguvumali wamelelewa kuamini kwamba uji ni sukari yenye unga ndani yake. Hapa tuazime ujuzi wa watengeneza togwa. Loweka ulezi, uache uchipue, ukaushe juani, usage: hicho ni kimea. Pika uji wako mzito, uepue, usubiri mpaka kidole kivumilie joto, kisha koroga kijiko cha kimea. Baada ya muda uji ule utalainika wenyewe na kuwa mtamu, kwa sababu mbegu inapochipua hutengeneza kile kile kinachovunja wanga. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Nimeona watu wazima wakiinama juu ya sufuria kutazama uji ukilainika.

Tende zilowekwe usiku kucha na kusagwa pamoja na ukwaju, ili mwezi wa Ramadhani jagi lisihitaji sukari. Ila kumbuka tende kavu zaidi ya nusu yake ni sukari. Faida yake ni nyuzi, kwa hiyo usichuje. Chungwa la Muheza, lenye maganda ya kijani, ulile lilivyo. Usilikamue, maana ukilikamua umelihamishia kwenye kundi la sukari la ule mwongozo wa 2015.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya watu wenye muda. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 na kukuta asilimia 9.1 wana kisukari. Mtu mmoja kati ya kumi na mmoja, kwenye kila mkeka, kila khitma, kila daladala ya kwenda Pongwe. Kliniki ya sukari nayo inakula muda, tena siku nzima, na pamoja na muda inakula nauli.

Mwisho, mipaka ya mapinduzi. Kaimati usiziguse. Hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya shira, na anayezichovya kwenye maji ya tende siku ya Idi anaipa harakati nzima jina baya. Halua, visheti na kashata za harusini nazo zibaki kama zilivyo. Pika kwa sukari ya haki, zitoe siku ya sherehe, kula tatu, na sahani iendelee kwa jirani kabla hujajaribiwa na ya nne.