Paa la Marehemu Halikatwi

Nyumbani kwetu Tanga, nyuma ya jiko la nje, ipo Peugeot 404 iliyokuwa banda la kuku kabla haijawa ugomvi wa familia. Ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe. Alipofariki, gari likaachwa chini ya mnazi, chumvi ya bahari ikaanza kulila kuanzia chini, na kuku wakaamua kwamba kiti cha nyuma cha Mfaransa hakina mpinzani kwa kutagia. Mayai tuliyookota mle ndani, lau tungeyauza yote, tungenunua gari jingine.

Baba Watoto alipostaafu kwa hiari bandarini, wanawake wenzangu walinionya nikae macho, maana mwanamume akishashika kiinua mgongo huanza kunyoa ndevu kila asubuhi, mara unasikia ameoa. Hakuoa. Alinunua betri.

"Tutalifufua gari la mzee," alitangaza tukiwa mezani, "na litakuwa la familia nzima. Kila mtu atatia mkono."

Balaa ilianzia hapo kwenye "la familia nzima," kwa sababu kila mmoja alikwenda kulala usiku ule na gari lake kichwani.

La Baba Watoto lilikuwa gari la mashindano ya Safari. Kwa vijana wasiojua, mashindano yale yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, baadaye yakawa ya Pasaka, na magari yalikuwa yakikata Kenya, Uganda na Tanganyika kwa safari moja. Na 404 ilikuwa mfalme wake: ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, na huyo Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, jambo ambalo mume wangu hulieleza kana kwamba walikuwa wakiazimana chumvi. Mwaka 1963 na 1968 mvua ilipiga hadi magari yaliyofika mwisho yakawa saba tu kila mwaka, na la kwanza mara zote mbili likawa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mama mkwe, aliyekulia Mombo, anasema aliyaona yakipita alipokuwa msichana.

"Niliona tope," anasahihisha kila akiulizwa. "Gari lilikuwa ndani yake."

Kifungua mimba wangu naye hakutaka Safari wala Pasaka. Yeye alikuwa amejaza simu yake video za hotirodi za Wamarekani, na kwa majuma mengi hatukuweza kula bila kusomeshwa. Tukajua kwamba vijana wa California, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, walikuwa wakichukua Ford kuukuu, wanang'oa madigadi na kila kilichokuwa kizito, wanachokonoa injini, kisha wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage. Tukajua kwamba Ford ya 1932 ndiyo iliyowafungulia milango, kwani ilileta injini ya V8 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Tukajua hata kwamba jarida lao la Hot Rod lilianza 1948, na kwamba 1951 wakaunda chama, NHRA, ili mbio zitoke barabarani ziingie viwanjani. Somo hili la mwisho nililipenda, nikamwomba alirudie mbele ya baba yake.

Lakini kilichomkaa rohoni ni paa. Hotirodi halisi, anasema, hukatwa nguzo za madirisha, paa likashushwa inchi kadhaa, gari likaonekana limekunja uso. Alitaka 404 ya babu yake ikunje uso.

Binti wa kati alitaka gari liingize pesa: lisafishwe, lipambwe maua, likodishwe kubeba maharusi. Kitinda mimba alitaka honi. Mimi nilitaka kamba yangu ya kuanikia nguo, iliyokuwa imefungwa kutoka kwenye mnazi ule, ibaki mahali pake.

Gari likapandishwa juu ya matofali na kazi ikaanza. Injini ilipofunuliwa, kifungua mimba akapiga kelele kwamba imeegemea upande, bila shaka mikono inayoishikilia imekatika. Mzee fundi aliyeitwa kutoka Ngamiani, mtu aliyezeeka na magari hayo, hakuinua hata kichwa. "Imelala makusudi," akasema. "Digrii arubaini na tano. Mfaransa alitaka boneti iwe chini." Akaeleza kwamba ni injini ya cc 1,618, laina zake huchomolewa na kupachikwa nyingine bila kupeleka bloku kuchongwa. Nilimwona Baba Watoto akimtazama mwanawe kwa ushindi, ilhali yeye mwenyewe dakika mbili kabla alikuwa ametafuta jiwe la kuinyanyua.

Laina na pistoni tulizipata Mombasa, ambako Peugeot ziliunganishwa miaka mingi na vifaa vyake havijaisha madukani. Shangazi wa watoto alizivusha mpakani Horohoro, akalipia kinachostahili kulipiwa, na mpaka leo anatukumbusha uzito wake.

Upotevu ndio uliotutesa zaidi. Boliti na nati za injini ziliwekwa kwenye beseni, beseni likawekwa barazani, na kila siku zilikuwa zikipungua. Baba Watoto alimshuku fundi kimoyomoyo. Fundi, nadhani, alimshuku Baba Watoto. Halafu jioni moja nikapita kwa jirani, wazee wamekaa kwenye bao, nikaona mmoja anasambaza kete zinazolia ngring'i, ngring'i. Kitinda mimba alikuwa ameziuza nati zetu kwa wazee waliopungukiwa kete, bei yake peremende. Kuzirudisha haikuwa rahisi. Mzee mmoja alikuwa anaongoza, akakataa katakata kuvuruga mchezo, na Baba Watoto akalazimika kukaa mkekani kusubiri mpaka nati zake za sampo zimalize kumla mwenzake.

Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa hadi unaona ardhi. Hapo ndipo binti wa kati, aliyesomea kuchomelea VETA, alipochukua usukani bila kuomba. Alipasua pipa tupu la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akakata vipande kwa kipimo cha kadibodi, akaanza kushona chuma kwa chuma. Wanaume wawili walikuwa wamesimama juu ya kichwa chake wakibishana kama taa za mbele ziwe nne au sita. Alipomaliza, ungeweza kupitisha kidole kwenye maungio ya sakafu usijue bati la Mfaransa linaishia wapi na pipa linaanzia wapi. Hakuna aliyemsifu siku ile, kwa vile mjadala wa taa ulikuwa haujakwisha.

Kisha likaja la difu. Kwenye gari hili, mhimili hauzungushi magurudumu ya nyuma kwa gia za kawaida, bali kwa skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la meno la bronzi. Mzee fundi akamwaga uji mweusi uliokuwa ndani, akanusa, akasikitika. Mtu, akasema, alitia mafuta ya kisasa yenye dawa kali, na dawa hizo hula bronzi. "Magari haya ya zamani yalipenda nyonyo."

Kitinda mimba akasikia "nyonyo" akatoka mbio. Kabla sijajua ameelekea wapi, amerudi na chupa ya bibi yake, ile ya kupaka kichwani na magotini, nyonyo safi iliyokamuliwa na dada yake bibi huko Handeni. Fundi akainusa, uso ukamng'aa, akaimimina yote. Haikutosha. Wakatumwa watu sokoni.

Mama mkwe alipotoka kuoga na kitana mkononi, hakukuta chupa. Akauliza. Kimya. Akauliza tena, mara hii akimtaja Baba Watoto kwa jina lake la utotoni, na mwanamume mwenye mvi akatazama vidole vya miguu.

"Mama, iko kwenye difu."

"Difu ni nani?"

Alioneshwa. Akainama kwa taabu, akachungulia chini ya gari, akaliona tone moja la dhahabu linaning'inia kwenye difu. Akalipokea kwa kidole, akajipaka gotini. "Basi kila Ijumaa nitapelekwa msikitini na gari hili," akasema. "Nimeshalipa nauli."

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kudai sehemu yake. Ya pili ilikuwa siku ya paa.

Kifungua mimba alingoja baba yake asafiri. Akaazima grainda, akachora nguzo za madirisha kwa chaki, akapima, akafuta, akapima tena. Kazi ya heshima kabisa, kama si dhambi. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia grainda inajaribiwa. Kabla sijanyanyuka, mama mkwe alishapita mbele yangu akiwa na mbuzi ya kukunia, sinia na nazi mbili. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akasukuma kuku mmoja, akaingia, akaiweka mbuzi sakafuni, juu ya pipa la binti yangu, na kuanza kukuna nazi.

"Mume wangu," akamwita mjukuu wake kwa utani wao, "kata. Mimi nipo humu humu."

"Bibi, shuka kidogo tu."

"Nishuke niende wapi? Juu ya paa hilo babu yako alifunga keria akaniletea kitanda changu kutoka Korogwe. Na kwenye kiti hiki nililia uchungu wa baba yako njia nzima hadi hospitali ya Bombo. Ukilishusha paa, mimi kilemba changu nikiweke wapi?"

Kijana akanitazama mimi. Nikatazama mchele. Akabaki na grainda mkononi, ikinguruma bila kazi, hadi umeme ulipokatika na kumwokoa. Bibi alimaliza nazi zote mbili mle ndani, akatoka akiwa na chicha kwenye kanga, na usiku ule tukala wali wa nazi wenye harufu ya mbali ya petroli.

Wengine wanaweza kusema yule kijana alionewa. Mimi nasema hotirodi za Wamarekani zilikatwa paa kwa sababu hakuna mama mkwe aliyekaa ndani.

Rangi sitaieleza sana. Ilipigwa nyeupe, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, mtindo wa magari ya mbio. Aliyepiga ni yule yule binti. Taa zikawa nne. Kifungua mimba akaruhusiwa kuchomoa madigadi ya nyuma, akagundua kwamba kwenye 404 yamechomelewa na bodi, akayaacha. Badala yake akapewa sailensa afanye atakavyo, na alifanya: mtoto wa jirani aliyekuwa hajaanza kutembea alisimama.

Siku ya kuwasha, stata ilikataa. Mzee fundi akaomba hendeli, akaichomeka mbele, akatuambia tukae kando maana hendeli huvunja mkono wa mjinga. Akavuta mara kadhaa. Injini ikakohoa, ikatema moshi na manyoya mawili matatu ambayo hatujui yalipitia wapi, halafu ikashika. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, amefunga kilemba, na haikuwa hata Ijumaa. Baba Watoto akaingiza gia, ile ya pembeni ya usukani, gari likashuka kwenye njia yetu kwa adabu kubwa, likapita kwa wazee wa bao, likaenda hadi kwenye barabara ya lami, likarudi. Difu halikutoa hata mlio. Magoti ya mama mkwe ndiyo yaliyolia wakati wa kushuka.

Nitasema wazi sasa, kwa kuwa nyumbani nikisema panazuka kesi: lile gari ni la binti yangu. Safari ni ya baba yake, sailensa ni ya kaka yake, nyonyo ni ya bibi yake. Lakini pipa likiachia, wote wanakaa chini.

Likaegeshwa mahali pake pa siku zote, kwa mazoea tu. Usiku ule ule mnazi, ambao kwa miaka yote ya kuku haukuwahi kuangusha kitu hata kimoja, uliachia nazi. Ikatua katikati ya kioo cha mbele.

Hivi ninavyoandika, Baba Watoto huliwasha kila asubuhi na kuzunguka uani akiwa amevaa miwani ya kuchomelea ya binti yake, upepo ukimpiga usoni, na kifungua mimba anashangilia kwamba hatimaye nyumba yetu ina hotirodi. Barabarani hatoki, trafiki hatakubali, na mama mkwe anahesabu Ijumaa zinazopita. Kamba yangu ya nguo imehamishiwa kwenye mpera, ambao ni mfupi na shuka zinaburura chini.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa kwenu kuna 404 imelala, au fundi wa mtaani kwenu ameweka kioo cha mbele kizima nyuma ya kabati, tafadhali tutafute. Bei tutaelewana, na wali wa nazi utakuta. Cha 504 usihangaike kukileta, tumejaribu, hakiingii.